Goti Lililokunjwa Nyumbani

Ningependa kusema kuna mtu alinisukuma. Ningekuwa na mtu wa kumkasirikia, na mambo yangekwenda kwa utaratibu. Lakini hakuna aliyenigusa. Ilikuwa siku ya michezo ya kanisa letu Mjambere, sisi akina mama tulioolewa tukicheza mpira na wasichana wa kwaya, na mimi niliwekwa golini kwa sababu ndimi pekee niliyekuja na raba. Wenzangu walikuwa na ndala na leso kiunoni. Mpira ulikuja juu, nikaruka, nikaudaka, nikatua kwa mguu wa kulia. Mwili ukageuka, goti likabaki lilipo. Nikasikia pa! kama mtu kavunja muhogo mkavu.

Refa alikuwa mzee wa kanisa. Alikuja mbio, akaniangalia nilivyolala, akautazama mpira mikononi mwangu, akatangaza kwamba halikuwa goli. Mpaka leo nikikutana na wale akina mama huniambia, "Lakini hukufungwa!" Kana kwamba ndilo nililokuwa nikililia.

Hospitalini daktari alinichorea. Ndani ya goti kuna kano, akasema, kama kamba inayoishika mifupa ya paja na muundi isiachane. Yangu imekatika. Atachukua kipande cha kano nyingine nyuma ya paja, akitie pale. Nikafikiri: huyu ni kama fundi anayeng'oa bawaba ya dirisha atengenezee mlango. Nikamuuliza, "Na huko nyuma ya paja kutabaki nini?" Akasema kutapona. Nikamuuliza lini nitarudi kazini. Akauliza kazi gani. Nilipomwambia, aliweka kalamu chini.

Mimi ni askari wa lango kwenye bohari moja ya mafuta Changamwe. Watu wakisikia hivyo hudhani nakaa kwenye kiti naandika namba za magari. Lori la tangi likitaka kutoka, askari hupanda ngazi ya nyuma mpaka juu ya tangi, akatembea huko akikagua kila kifuniko, kama sili bado ni nzima, ile ya plastiki yenye namba, kisha akashuka, na linalofuata liko tayari linapiga honi. Nilikuwa mwanamke pekee kwenye zamu yetu aliyepanda. Wanaume wawili wanaogopa kule juu na mimi ndiye niliyekuwa nikiwapandia, ingawa wao husema ni mgongo.

Daktari akasema miezi tisa. Mkubwa wetu wa ulinzi akasema sawa, miezi tisa atanishikia nafasi yangu, akaitia tarehe: Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa tisa tangu upasuaji, kabla ofisi haijafungwa saa kumi na moja, awe na barua ya daktari mezani inayosema goti limepona kwa kazi ya kupanda. Bila barua, Jumatatu anaingia mtu mwingine. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayetaja saa za feri.

Basi hilo ndilo nililokuwa nalitaka. Barua. Mtoto wangu wa kwanza na wa pekee alikuwa hajatimiza mwaka, mume wangu yuko bandarini, leo zamu ya mchana, kesho ya usiku, na mimi nililelewa Changamwe hiyohiyo na baba aliyetoka bara kuja kutafuta kazi. Kwetu mtu mzima asiye na kazi hapewi kiti.

*

Siku tatu baada ya kukatwa, nikiwa nimelala na mguu umefungwa kama hindi kwenye maganda, alikuja mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kijana mpole mwenye ndevu chache, akaniambia kuna utafiti. Wanataka kujua jambo moja: mtu aliyetengenezwa kano ya goti, akifanya mazoezi nyumbani akiwa na msaidizi, karatasi ya picha na simu mara moja kwa wiki, je, atapona sawa na yule anayekuja hospitalini mara mbili kila wiki akasimamiwa na mtaalamu? Maana wengi wanakaa mbali, na wengi huacha kuja.

Nikasema niweke kwenye kundi la hospitali.

"Si mimi ninayechagua, dada. Wala si wewe. Ni bahasha."

Wallahi, na mimi si Mwislamu, hilo ndilo neno lililonitoka. Goti langu, kazi yangu, halafu bahasha! Akanieleza kwa upole kwamba wakiacha watu wachague, wenye bidii watakwenda upande mmoja na wavivu upande mwingine, na mwisho watakuwa wamepima bidii, hawakupima mazoezi. Nilielewa. Kuelewa hakukunizuia kukasirika. Akaniambia ninaweza kukataa na nitahudumiwa kama kawaida, yaani nitapewa karatasi na kuambiwa nirudi baada ya wiki sita. Nikatia sahihi.

Bahasha ikafunguliwa. Nyumbani.

Kisha akasema jambo ambalo nataka mlishike, kwa sababu ndilo lililokuja kuniumbua. Mwezi wa tatu, wa sita na wa tisa nitakuja kupimwa, na anayenipima hatajua niko kundi gani. Hatakiwi kujua. Nisimwambie, hata akiwa mtu mzuri namna gani.

Mama mkwe wangu alikuwa amekaa pembeni ya kitanda, na mtoto mapajani. Alikuwa amekuja kutoka Kaloleni siku ileile ya upasuaji, na kuku wawili na mfuko wa nguo uliotosha wiki moja. Akauliza, "Na huyo mpimaji, kakosa nini hata afichwe?"

"Hajakosa, mama. Akijua, jicho litaegemea upande."

Mama mkwe akafikiri. "Kweli," akasema. "Mchuzi ukijua kaupika mwanao, chumvi huioni."

Kijana akacheka, akasema hajawahi kusikia utafiti ukielezwa vizuri hivyo, na pale pale akamwandika kuwa msaidizi wangu wa nyumbani. Nami nilikuwa nimelala, mguu hausogei, sikuulizwa.

*

Wanaosema mama wakwe ni wakali hawajapata mama mkwe mwenye karatasi ya hospitali.

Alikuwa hasomi sana, lakini picha alizisoma kuliko mimi. Saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya chai, alikuwa ameshatandika mkeka. "Haya, mwana wa bara, leta mguu." Kisigino kivutwe kuelekea makalioni polepole, kishikwe hapo, kirudishwe. Mara kumi. Ila kumi yake haikuwa kumi ya watu wengine. Nikifika saba, anasema, "Hiyo haikuwa nzuri, siihesabu." Nirudie. Saba tena. "Umekunja uso, hukukunja goti." Saba tena. Nikamwambia ana bahati kwamba mguu mbovu ndio ulio karibu naye.

Wiki ya pili goti lilikataa kabisa. Lilivimba, likawa gumu kama boga, na mimi nikalia, nikasema basi, kazi wampe mwingine. Hakunibembeleza. Alipasha maji, akachovya taulo, akaliweka, akasubiri. Kisha akashika kisigino kwa mkono mmoja na mkono wa pili akautia nyuma ya goti, akaanza kunisimulia ugomvi wa mazishi fulani huko kwao, jinsi wakwe walivyokuja kuchelewa wakataka kupewa chakula kwanza. Hadithi ilikuwa ndefu na yenye watu wengi wabaya, nami nikawa nauliza, "Akasema nini? Na yule akajibu nini?" Ilipokwisha, nilitazama chini nikaona goti langu limekunjwa kuliko wiki nzima iliyotangulia.

"Ulinidanganya," nikamwambia.

"Mazishi ni ya kweli," akasema.

Simu ya kila Jumanne iliniaibisha zaidi. Kijana akipiga kuuliza mazoezi yanaendaje, nami nikianza, "Yanaenda vizu…" mkono ulitokea nyuma yangu ukaichukua simu. "Hujambo mwanangu? Habari za huko? Mvua imenyesha? Haya. Jana alifanya matatu akalala. Jumapili hakufanya, alisema ni sabato. Mwambie sabato si ya goti." Mume wangu alipokuwa nyumbani alikuwa akitoka nje kwenda kucheka.

Mwezi wa tano karatasi ikageuka. Picha ya mtu anaruka kwa mguu mmoja. Mama mkwe aliitazama kutwa nzima. "Hii wamekosea," akasema. "Mwanamke mwenye mtoto, akarukeruke uani kama kunguru?" Nikamwambia ndiyo maana yote haya, nisiporuka sishuki kwenye lori. Akaiweka karatasi juu ya meno ya kibao cha mbuzi cha kukunia nazi, akapandisha leso, akaruka yeye. Mama wa miaka hamsini na kitu, mara moja, mara mbili, mikono imeshika hewa. Jirani akatokeza kichwa juu ya ukuta.

"Kuna nini huko, mama?"

"Naangalia kama inaua," mama mkwe akamjibu. "Haiui. Haya mwana wa bara, wewe sasa."

Hayo yote, miezi tisa. Nguo za wiki moja alizifua mpaka zikachanika, tukamnunulia nyingine. Shamba lake lilipandwa na mtu mwingine. Sikumwambia asante, kwa sababu kila nilipotaka alikuwa tayari ananiambia nimekaa vibaya.

*

Ijumaa yenyewe nilifika hospitalini saa tatu asubuhi. Nilipimwa mwezi wa tatu na wa sita bila matatizo, kwa sababu nilikwenda peke yangu. Safari hii mtoto alikuwa na mafua, anamtaka mama na anamtaka bibi, wote wawili, pamoja. Kwa hiyo tukaenda sote. Tangu nyumbani nilimwambia mama mkwe, tena mara tatu: "Mpimaji hajui. Usimwambie kundi."

"Mimi mtoto?" akasema.

Tukakaa kwenye benchi la korido. Daktari alikuwepo mpaka jioni. Nikishapimwa, kijana angempelekea namba, barua ingeandikwa, na kutoka pale mpaka Changamwe kwa tuktuk, foleni ikiwa mbaya namna gani, ningefika kabla ya saa kumi na moja. Nilikuwa nimepiga hesabu hiyo hata usingizini.

Mlango ukafunguliwa, akatoka mpimaji. Msichana mdogo, mzuri, kitambaa kichwani, sauti ya asali, wale waliolelewa wakajua kulelewa. Hakuniita mimi. Aliinama kwanza kwa mama mkwe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo, bibi. Habari za nyumbani?"

"Nyumbani salama. Ndipo tulipo hapo, nyumbani."

Nikamkanyaga. Nilimkanyaga kwa mguu mzima, ule mzuri.

"Na mgonjwa wetu huyu, bibi, anaendeleaje?"

Namtetea msichana. Ndivyo watu wanavyosalimiana hapa. Huwezi kumpita mzee kwenye benchi ukamwambia "anayefuata!" kama unaita ng'ombe. Lakini swali hilo lilikuwa ni ufunguo, na mama mkwe alikuwa na miezi tisa ya kusimulia.

"Mgonjwa?" akasema, akasimama kabisa. "Huyu si mgonjwa tena! Goti hili, wiki ya pili, lilikuwa boga. Boga, mwanangu! Nimelikunja mimi, kwa mikono hii, nyumbani kwenye mkeka, asubuhi na jioni. Hapa hospitalini hakutia mguu. Muulize! Simu tu, kila Jumanne. Kazi yote nimefanya mimi."

Msichana alikuwa ameshaziba masikio, lakini alichelewa. Korido nzima ilikuwa imesikia. Mzee mmoja mwenye gongo akasema, "Hongera, mama."

Msichana akashusha mikono. Akafunga kalamu yake. "Bibi," akasema polepole, "ungenyamaza."

Nikasimama. "Hukusikia kitu," nikamwambia.

"Nimesikia, dada."

"Jifanye hujasikia. Ni nani atajua?"

"Mimi." Macho yalikuwa yamemjaa machozi, na hilo liliniudhi zaidi, maana mtu anayelia huwezi kumpigia kelele vizuri. "Nikikupima sasa, ukiruka vizuri nitajiuliza kama nimekuongezea kwa ajili ya bibi. Lazima niandike kwamba nimejua. Lazima akupime mwingine."

"Mwingine yuko wapi?"

"Likoni."

Likoni! Ng'ambo ya feri. Na saa ilikuwa tatu na robo, halafu huyo mtu ana wagonjwa wake.

Kijana wa mazoezi akaitwa, akapiga simu, akarudi akasema mpimaji wa Likoni atakuja akimaliza alionao. Nikamuuliza je, daktari hawezi kuniangalia tu goti akaniandikia. Akasema daktari haandiki barua ya kupanda matangi kwa kutazama. Anataka namba za kupimwa, na ana haki, maana nikianguka kutoka juu ya lori si yeye atakayeanguka. Nilitaka kumwambia maneno fulani. Mtoto alikuwa anasikiliza, nikayameza.

*

Tulikaa kwenye benchi lile, mimi na mama mkwe, na mtoto katikati kama mpaka wa nchi.

"Umeniua," nikamwambia. "Jumatatu mtu mwingine atapanda ngazi yangu. Nilikwambia mara tatu."

Akamfuta mtoto kamasi.

"Neno moja tu, mama. Ungesema 'anaendelea vizuri'. Basi. Maneno mawili!"

"Nimesikia."

"Ulikuwa unataka nini? Akupigie makofi?"

Akageuka akanitazama, na nikaona kwamba hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo.

"Mkaza mwanangu," akasema, "wamekuandika uzito. Wamekuandika urefu. Wamekuandika kazi na mtoto na mara ngapi umelala vibaya. Goti wamelipiga picha. Miezi tisa naona wanaandika. Mimi wameniandika wapi?"

Kijana wa mazoezi alikuwa amesimama karibu na mlango, akalisikia swali, na kwa kuwa ni mtu mwaminifu, akajibu, ingawa angefanya vizuri kukaa kimya. "Umeandikwa, mama. Kuna mahali pameandikwa 'msaidizi wa nyumbani, yupo au hayupo'. Tunatia alama."

"Alama gani?"

Akamwonyesha hewani, kidole kikishuka na kupanda. Ile alama ya vyema, ya mwalimu.

Mama mkwe akaitazama ile hewa. "Basi mimi ni hiyo," akasema.

Mimi ni mtu wa hasira, najijua, na hasira yangu haipendi kuondoka mapema. Lakini pale ilikosa mahali pa kukaa. Nilichukua mtoto, nikasogea karibu, bega kwa bega. Nikamwambia, "Ungenihesabia kumi kama watu wengine, tungemaliza mwezi wa nne."

"Ungekunja goti badala ya uso," akasema.

Halafu akaniuliza huyo wa Likoni atafika saa ngapi, na akija afanye nini. Nikamwambia akae nje. Kijana akasema nje kuna jua na mtoto ana mafua. Tukae hapahapa, akasema, ila mpimaji asizungumze nasi, na sisi tusizungumze naye. Mama mkwe akauliza, "Hata salamu?"

Tukatazamana, mimi na kijana.

"Mama," nikamwambia, "wewe ukianza salamu, unafika mpaka wiki ya pili."

Hakubisha. Hilo ndilo lililoniogopesha.

*

Mpimaji wa Likoni aliingia saa nane na nusu. Tulikuwa tunamngoja kijana kama yule msichana, akaja mzee. Nywele nyeupe, shati la mikono mirefu limepigwa pasi, kiatu kimeng'arishwa, mkoba chini ya kwapa. Feri ilikuwa imemweka kwenye jua, shati limelowa mgongoni, lakini alisimama mbele ya benchi letu, akaweka mkono kifuani kama mtu wa zamani.

"Hamjambo hapa?"

Mimi nikatikisa kichwa tu. Mama mkwe akageuza uso ukutani.

Mzee akafikiri labda hajasikika. Akasogea. "Mama, hujambo? Habari za tangu asubuhi?"

Ukutani kulikuwa na picha ya jinsi ya kunawa mikono. Mama mkwe aliisoma. Nilimwona shingo imekaza, mishipa imesimama, midomo ameiuma yote miwili. Mwanamke ambaye husalimia mpaka mwizi wa kuku, kwanza amsalimie halafu apige yowe. Mtu mzima mwenzake, wa rika lake, amempa salamu mara mbili mbele ya watu, na yeye anamnyima jibu kama mtu asiye na mama.

Mtoto wangu akaona aokoe jahazi. "Poa!" akamjibu mzee, kwa nguvu, na kamasi.

Siku nyingine neno hilo lingemletea bibi yake somo zima la adabu, na kwamba limetoka kwa ukoo wa mama. Siku hiyo macho ya mama mkwe yalimtoka tu, akanyamaza. Mzee akaniambia mimi, kwa ubaridi kidogo, "Haya, tuingie."

Ndani alinilaza, akakunja goti zima na goti bovu, akapima kwa kile kifaa chake cha plastiki chenye mikono miwili. Akanikalisha kwenye kiti cha mashine nikasukuma kwa muundi mpaka nikaona nyota. Hakuniuliza habari. Akaandika. Kisha akanyoosha utepe sakafuni.

Kuruka kwa mguu mmoja, ukatue kwa mguu huohuo, ukae bila kuyumba. Mguu mzuri kwanza. Niliruka, nikatua, akatia alama ya chaki. Halafu mguu ule.

Nataka niseme ukweli: mara ya kwanza sikuruka. Nilikunja, nikahesabu, na mwili ukakataa kuondoka chini. Nilisikia ile pa! kana kwamba ilikuwa chumbani. Mzee akangoja. Mara ya pili niliruka, nikatua, nikayumba, nikaweka mguu wa pili chini.

"Haihesabiwi," akasema.

Neno hilo! Nikakasirika papo hapo, na hasira ilinifaa kuliko dawa zote. Ya tatu nilikwenda. Nikatua juu ya goti lile, likakunjika, likanishika, nikakaa. Nilikaa hapo mguu mmoja, mikono nimeshika hewa, mpaka mzee akasema, "Inatosha, mwanangu, shuka."

Kati ya alama mbili za chaki palikuwa na upana wa kiganja. Akaandika. Akarudia nyingine tatu za namna tofauti, zote karibu hivyo. Hakusema ni nzuri wala mbaya. Alifunga mkoba akapeleka karatasi yake.

Daktari alinipa barua saa tisa na dakika hamsini. Imesema naweza kurudi kwenye kazi ya kupanda, na kwamba nishuke kwa ngazi, nisiruke chini. Nikamuuliza kijana je, kundi langu limeshinda. Akasema hajui, hakuna ajuaye, mpaka watu wote wapimwe. Na hata hapo jibu litakuwa la wengi, si la goti langu. Sawa. Wao wana swali lao. Mimi nilikuwa na karatasi yangu mkononi.

Nilipotoka, mama mkwe alikuwa bado amekazana na ukuta. Nikamwambia, "Imekwisha. Sema."

Akainuka, akampita daktari, akampita msichana, akamfuata yule mzee mpaka karibu na lango. Sikuwasikia. Nilimwona tu akimshika mzee mikono yote miwili, akiongea, akionyesha goti, akionyesha kinywa, na mzee kwanza ameinamisha kichwa, kisha anacheka mpaka anafuta macho. Nilipaza sauti kwamba muda unakwenda. Akanipungia niende. Kwa hiyo nilikwenda peke yangu, nikawaacha na mtoto.

Tuktuk iliniteremsha mbele ya lango la bohari saa kumi na dakika arobaini na mbili. Mkubwa wa ulinzi alikuwa anafunga droo. Aliisoma barua mara mbili, akaitazama suruali yangu kama anaweza kuona goti kupitia kitambaa, akaonyesha lori lililokuwa likingoja kutoka.

"Hebu panda hilo nikuone."

"Sipandi," nikasema.

"Si umepona?"

"Nimepimwa leo na mtu aliyevuka bahari kuja kunipima. Wewe umesomea magoti wapi? Jumatatu saa kumi na mbili nikiwa kazini, nitapanda yote unayotaka, na ya wale wenye migongo pia."

Walinzi wawili pale mlangoni wakaangalia viatu vyao. Mkubwa akacheka puani, akavuta orodha ya zamu ya Jumatatu, akaliandika jina langu kwa penseli.

Nikamwambia atafute kalamu ya wino. Nikasimama pale kwa miguu yote miwili, nikangoja.